UZI: Ushuru wa nyama na chakula cha nje. Nani analindwa, nani analipa?

1. Kila msimu wa bajeti na kila msimu wa kampeni swali hili hurudi. Mmoja anashika kipaza sauti: "Fungeni mipaka, mkulima wetu anakufa!" Mwingine anajibu: "Fungueni mipaka, mwananchi ana njaa!" Hapa mtandaoni tunagawana kambi, tunatukanana siku tatu, halafu tunasahau mpaka mwaka ujao. Mimi nasoma sayansi ya siasa na naishi Matasia, hapa kati ya Ngong na Kiserian, ambapo ng'ombe si mada ya mjadala tu, ni karo ya shule. Kwa hivyo leo wacha tupitie historia yenyewe. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukiniuliza kwenye maoni niko kambi gani, nitakurudisha hapa namba 1.

2. Kwanza tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu kwenye mijadala yanachanganywa sana. Ushuru wa forodha unatozwa bidhaa inapoingia nchini. Ushuru wa bidhaa kwa kawaida unatozwa vitu kama pombe na sigara, viwe vimetengenezwa hapa au nje. Tozo ni ada ndogo yenye kazi maalum, mfano kujenga reli. Marufuku ya kiafya si kodi, ni serikali kusema bidhaa hii ni hatari haiingii. Vitu vinne tofauti. Shida ni kwamba serikali ikibanwa kwenye kimoja, hugeukia kingine. Hilo utaliona tukifika namba 16.

3. Hata neno lenyewe lina historia. "Ushuru" limetoka kwa Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Pwani yetu ilijua forodha kabla Nairobi haijakuwa hata kituo cha reli. Mwaka 1833 Sultani aliyetawala Oman na Zanzibar alitia sahihi mkataba na Marekani: bidhaa zao zinazoshushwa bandarini zitatozwa asilimia 5. Lengo lilikuwa moja tu, mapato. Hakuna aliyesema anamlinda mkulima yeyote. Tia hilo akilini: kodi ya mpakani ilianza kama njia ya mtawala kupata pesa. Habari ya kumlinda mtu ilikuja baadaye sana.

4. Wazungu walipogawana Afrika, Mkataba wa Berlin wa 1885 uliweka ukanda mkubwa wa biashara huria, kutoka Kongo mpaka bahari yetu ya Hindi. Baadaye, mwaka 1890 kule Brussels, wakakubaliana ushuru wa bidhaa zinazoingia usizidi asilimia 10. Kwa hivyo serikali ya kikoloni ya mwanzo hapa haingeweza kuweka ukuta mrefu hata ikitaka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkataba wa 1919 uliondoa kikomo hicho, mradi nchi zilizotia sahihi zisibaguliwe. Mlango ukawa wazi kwa mtu yeyote mwenye sauti serikalini kuomba ulinzi.

5. Na ni nani aliyekuwa na sauti? Walowezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 uchumi ulikuwa mbaya, bei za mazao zilikuwa zimeanguka. Mwaka 1922 kamati ya serikali ikapendekeza bidhaa za mashamba yao zilindwe. Mwaka 1923 ushuru mpya ukaja. Angalia ni bidhaa gani: ngano na unga wake, siagi, jibini, nyama ya nguruwe ya bekoni na hemu, sukari. Hebu jiulize, mwaka 1923, ni Mwafrika gani wa Kajiado alikuwa anauza bekoni? Ushuru wa kwanza wa kulinda chakula nchini Kenya uliandikwa kwa ajili ya watu wachache wenye mashamba makubwa na njia ya kufika ofisini kwa Gavana.

6. Haukuishia forodhani. Reli nayo ilitumika. Mazao ya walowezi yalisafirishwa kwa nauli ya chini, na bidhaa za nje kama ngano zikapakiwa kwa nauli ya juu. Kwa hivyo kulikuwa na kuta mbili, moja Mombasa bandarini na nyingine kwenye mabehewa. Nimeitaja makusudi kwa sababu miaka tisini baadaye reli itarudi kwenye hadithi hii, safari hii kama tozo.

7. Ukuta huo ulizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, kwa sababu tulikuwa na forodha ya pamoja. Sasa fikiria wewe ni mtu wa Kampala au Dar es Salaam. Unga na siagi kutoka nje vimepandishwa bei ili mlowezi wa Kenya auze. Wewe ndiwe unalipa, na kiwanda hakiko kwako. Malalamiko yalikuwa mengi, mpaka ukaja utaratibu ambapo kila nchi ingeweza kuchagua kama itatoza sehemu fulani ya ushuru au la. Ule ugomvi unaouona leo kuhusu mayai na maziwa ya Uganda, mababu zetu waliuanza. Ukweli wake haujabadilika: ukuta wa pamoja humfaidi zaidi mwenye bidhaa ya kuuza ndani yake.

8. Na ng'ombe je? Hapa ndipo historia inatugusa sisi watu wa Kajiado. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, halafu Laikipia, wakasukumwa kusini, huku tunakoishi. Tayari sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imewamalizia mifugo. Walipojenga mifugo upya, wakakuta karantini. Kwa miaka mingi hifadhi ya Wamaasai iliwekwa chini ya karantini kwa sababu ya magonjwa kama homa ya mapafu ya ng'ombe. Magonjwa yalikuwepo kweli, hatukatai. Lakini matokeo yake ni kwamba mfugaji Mwafrika hakuweza kuuza ng'ombe wake kwa uhuru nje ya hifadhi, na mlowezi akabaki bila mshindani.

9. Weka namba 5 na namba 8 pamoja. Serikali ile ile, miaka ile ile, ilimjengea mlowezi ukuta dhidi ya nyama ya ng'ambo, na ikamjengea Mmaasai ukuta dhidi ya soko la Nairobi ambalo angelifikia kwa miguu. Kwa hivyo mtu akikuambia "serikali inalinda wafugaji", uliza wafugaji gani. Si swali la uchochezi. Ni swali la historia.

10. Mwaka 1938 mambo yalifika kilele. Kampuni ya Liebig ilianzisha kiwanda cha nyama Athi River, hapo jirani na Kitengela. Kiwanda kinataka ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Wakati huo huo serikali ilikuwa inasema Ukambani kuna mifugo kupita kiasi na udongo unaisha. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu Machakos na kuuzwa kwa bei ya hasara. Wakamba wakaandamana mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Mwishowe serikali ilirudi nyuma. Kiongozi wao alikamatwa na kuhamishwa mbali, na leo jina lake liko kwa barabara ya katikati ya jiji. Unapita hapo ukienda City Market, soko lenye mabucha. Wengi hatujui kwamba vita vyake vilikuwa vya bei ya ng'ombe.

11. Mwaka 1950 sheria ikaunda Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ambayo ilichukua kiwanda cha Athi River. KMC ilipewa nguvu ya kipekee kwenye soko la nyama la miji mikubwa, na baada ya uhuru nyama yetu ya mkebe ilijulikana nje. Ila ukiwa mnunuzi wa pekee unaweza pia kuwa mlipaji mbaya wa pekee, na mfugaji hana pa kukimbilia. Usimamizi ukaharibika, madeni yakapanda, ikafungwa miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na 2020 ikapelekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Ukitaka kujua kwa nini mfugaji hasisimki akisikia ahadi ya kiwanda, hapo una jibu.

12. Miaka ya 1990 ikaja na soko huria. Udhibiti wa bei ukaondolewa, ukiritimba wa KCC kwenye maziwa ukaisha, soko la mahindi likafunguliwa. Wakati huo nchi tajiri zilikuwa zinawalipa wakulima wao ruzuku ili wauze nje kwa bei ya chini. Afrika Magharibi ndiyo iliumia zaidi: nyama ya Ulaya yenye ruzuku ilifika miji ya pwani kwa bei ambayo mfugaji wa Sahel hakuweza kushindana nayo. Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya kambi ya "fungeni mipaka", na ni hoja ya kweli. Ushindani si wa haki kama mwenzako analipwa na serikali yake akuuzie kwa hasara.

13. Jambo ambalo wengi hawajui: uamuzi wa kuondoa ruzuku hizo za kuuza mazao nje ulipitishwa hapa hapa Nairobi, Desemba 2015, kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani pale KICC. Nchi tajiri bado zinasaidia wakulima wao kwa njia nyingine, lakini ile ruzuku ya moja kwa moja ya kusafirisha ilipigwa marufuku. Kwa hivyo mtu akitoa hoja ya ruzuku leo, muulize anazungumzia ruzuku ipi.

14. Tuje sasa kwa sheria tuliyo nayo. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005. Viwango vilikuwa vitatu: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, bidhaa zilizo tayari 25. Juu yake kukawa na orodha ya bidhaa nyeti: sukari 100, mchele 75, mahindi 50. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, na nyama na bidhaa za maziwa ziko humo. Kumbuka hivi viwango vinahusu bidhaa kutoka nje ya Jumuiya. Ng'ombe wa Tanzania mwenye vyeti vyake halali hapaswi kulipa ushuru wa forodha akivuka Namanga.

15. Tupige hesabu kidogo. Chukua shehena ya nyama kutoka ng'ambo iliyofika Mombasa ikiwa na thamani ya shilingi 1,000,000. Ushuru wa asilimia 35 ni 350,000. Ada ya tangazo la kuagiza bidhaa, asilimia 2.5 tangu 2023, ni 25,000. Tozo ya reli, iliyoanza 2013 kwa asilimia 1.5 kugharamia reli mpya na sasa iko asilimia 2, ni 20,000. Jumla 395,000. Nyama imeshakuwa 1,395,000 kabla ya lori, barafu, na faida ya mwenye duka. Hizo 395,000 haziendi kwa mfugaji wa Mashuuru. Zinaenda Hazina ya Taifa na kwenye reli. Mfugaji anachopata ni nafasi tu: mshindani wake ameuziwa ghali. Kama nafasi hiyo inageuka kuwa pesa mfukoni mwake, hilo ni swali lingine kabisa.

16. Na hapa ndipo michezo inapoanza. Kwa kuwa ndani ya Jumuiya huruhusiwi kutoza ushuru wa forodha, nchi hutafuta mlango wa nyuma. Kenya iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mayai, vitunguu na viazi vinavyotoka nje. Ushuru wa bidhaa, kama bia! Uganda ikalalamika. Januari 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa nchini. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yalizuiwa kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti. Sumukuvu ni hatari kweli, imeua Wakenya. Lakini sumukuvu haijui mpaka. Mahindi yetu pia yanayo. Kama kipimo ni cha afya, kipime mahindi yote.

17. Majirani nao si malaika. Oktoba 2017 Tanzania ilikamata zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji kutoka upande wa Kenya waliokuwa wamevuka kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Muda mfupi baadaye vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa wakiwa hai, sababu ikatajwa kuwa kuzuia mafua ya ndege. Watu wa Kajiado walioumia pale hawakuwa waagizaji wa kitu chochote. Ni watu ambao mpaka ulichorwa katikati ya malisho yao, na ukame hauulizi pasipoti.

18. Sasa ile nyama ya kigeni inayotutisha iko wapi? Nilimuuliza mwenye bucha mmoja hapa Matasia kama anashindana na nyama ya nje. Akacheka. "Kijana, huyu ng'ombe ametoka Bissil jana. Nje gani?" Na yuko sahihi kwa upande wake. Nyama ya kigeni ya kuganda iko zaidi kwa hoteli na supamaketi kubwa. Ng'ombe wa kilo ya kawaida ametoka Kajiado, Narok, kaskazini mwa nchi, au amevuka kwa miguu kutoka Tanzania, Ethiopia au Somalia. Chakula cha nje ambacho mwananchi anakila kila siku ni kingine: ngano, mchele, mafuta ya kupikia, sukari. Huko ndiko ushuru unamuuma mtu wa kawaida, na huko ndiko hakuna anayepigia kelele kama nyama.

19. Chukua mchele. Orodha ya Jumuiya inasema asilimia 75. Kenya hutoza mchele wa Pakistan asilimia 35. Kwa nini? Kwa sababu Pakistan ni mnunuzi mkubwa wa majani chai yetu. Tukimfungia mchele, anaweza kutufungia chai. Kwa maneno mengine, mkulima wa mchele wa Mwea anabeba sehemu ya gharama ya soko la mkulima wa chai wa Kericho. Pengine ni biashara nzuri kwa nchi, mimi sipingi. Lakini ni lini uliwahi kusikia jukwaani mtu akimweleza mkulima wa Mwea hivyo, kwa lugha nyepesi, bila kumficha?

20. Halafu kuna kitu ambacho kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko viwango vyote: msamaha. Sheria inasema asilimia 100 kwa sukari, lakini serikali inaweza kuomba kuusimamisha kwa muda. Mei 2017, katikati ya ukame na miezi michache kabla ya uchaguzi, sukari iliruhusiwa kuingia bila ushuru, na mahindi pia. Unga wa kilo 2 ukauzwa 90 bob kwa ruzuku. Watu walikula, na hilo si dogo. Lakini sukari iliyoingia mwaka huo ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya mwaka uliotangulia, na mkulima wa miwa wa Magharibi akabaki na miwa inayokauka shambani. Mwaka uliofuata nchi nzima ikawa inabishana kuhusu sukari ya magendo.

21. Tafakari hesabu ya msamaha. Kama ushuru ni asilimia 100, basi mtu aliyepewa ruhusa ya kuingiza shehena ya shilingi milioni 50 bila ushuru amesamehewa shilingi milioni 50. Akiuza kwa bei iliyo chini kidogo tu ya bei ya soko, tofauti ni yake. Kadiri ukuta unavyokuwa mrefu, ndivyo ufunguo wa mlango unavyokuwa na thamani. Hii ndiyo sababu kambi zote mbili zinaweza kutumiwa na watu wale wale. Leo wanapiga kelele ukuta uinuliwe, kesho wanaomba kibali cha kupita. Mkulima na mlaji wamebaki wakitukanana mtandaoni, nyuma ya pazia kuna mtu anahesabu.

22. Turudi kwa ng'ombe. Je, asilimia 35 imemsaidia mfugaji wa hapa? Fuata njia ya ng'ombe mmoja. Mfugaji anamtembeza au anampakia kwenye lori mpaka mnadani. Dalali anamkadiria kwa macho, hakuna mizani. Analipiwa ada ya soko kwa kaunti, kibali cha kusafirisha, lori, ada ya kichinjio, halafu bucha. Ukame ukija, kama ule wa 2022 uliomaliza mamilioni ya mifugo nchini, mfugaji anauza mnyama aliyekonda kwa bei ya kutupa, na wewe kwa bucha hujaona bei ikishuka. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo inarekebishwa na ushuru wa Mombasa. Ushuru unamzuia mshindani wa ng'ambo tu, na mshindani huyo, kama yule jamaa wa bucha alivyoniambia, hayuko Bissil.

23. Na mlango wa kutoka umefungwa na nini? Magonjwa. Tangu mwaka 1975 makubaliano ya Lomé yaliipa Kenya mgao wake mdogo wa kuuza nyama ya ng'ombe Ulaya kwa ushuru uliopunguzwa. Botswana ilitumia wake ikajenga sekta nzima. Sisi tulishindwa, na sababu kubwa ni ugonjwa wa midomo na kwato. Mkataba mpya wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi Julai 2024, soko liko wazi bila ushuru, lakini ng'ombe asiye na rekodi ya chanjo hatapita hata ushuru ukiwa sufuri. Daktari wa mifugo wa wadi yako ana nguvu juu ya bei ya ng'ombe wako kuliko mtu yeyote anayepiga kelele kuhusu nyama ya nje.

24. Kabla hujasema "basi tuondoe ushuru wote", ngoja. Kuku na samaki ni hadithi tofauti. Ubishi wa 2018 kuhusu samaki wa kuganda kutoka China haukuwa wa kubuni. Mvuvi wa Ziwa Victoria alikutana naye sokoni Kisumu, uso kwa uso, kwa bei ya chini. Vipande vya kuku vya bei ya chini vikifunguliwa mlango ghafla, mama anayefuga kuku 200 Kitengela hana mwaka mmoja wa kusubiri mageuzi. Ameshachukua mkopo wa chakula cha kuku. Kwa hivyo jibu moja kwa kila chakula ni jibu la uvivu.

25. Na kabla hujasema "basi tuongeze ushuru kila kitu", kumbuka Juni 2024. Kwenye mswada wa fedha ule mkate ulikuwa unawekewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Tunajua kilichotokea barabarani, na tunajua walioenda na hawakurudi nyumbani. Mswada uliondolewa. Somo ambalo kizazi changu kilijifunza kwa uchungu ni kwamba kodi ya chakula haina mahali pa kujificha. Mtu anaweza kuahirisha kununua simu, hawezi kuahirisha chapo ya jioni.

26. Kwa hivyo msimamo wangu, kwa sababu najua mtauliza. Ushuru wa wastani unaojulikana mapema ni bora kuliko ushuru mrefu wenye misamaha ya usiku. Msamaha ukitolewa, uchapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali ukiwa na kiasi, tarehe ya mwisho, na majina ya kila aliyepewa. Pesa zinazokusanywa kwa jina la mfugaji, sehemu yake ionekane kwenye chanjo, mizani ya mnadani na maji. Na tuache kutumia afya kama kisingizio cha kodi, kwa sababu siku hatari ya kweli itakapokuja hakuna jirani atakayetuamini.

27. Mtu anaweza kunipinga aseme: "Nchi yenye njaa haiwezi kungoja taratibu, wakati mwingine waziri lazima aamue haraka." Hoja nzuri. Ukame haufuati kalenda ya Bunge. Lakini kuchapisha orodha ya waliopewa vibali hakumcheleweshi mtu hata siku moja. Kinachocheleweshwa ni wizi tu.

28. Mjadala ukirudi, na utarudi, usianze na "fungeni" wala "fungueni". Uliza maswali haya manne. Ni bidhaa gani hasa, maana nyama si mchele? Ni nani ameomba ushuru huu upande au ushuke? Pesa zinaingia kwenye mfuko gani? Na ni nani ana ufunguo wa msamaha? Mwaka 1923 walowezi walikuwa na majibu ya maswali yote manne, na majibu yote yaliwataja wao wenyewe. Mfugaji wa Kajiado hakuulizwa.

29. Mwisho wa uzi. Kama unafuga, unauza bucha, unaendesha lori la Namanga au una shamba la miwa, andika hapa chini kile unacholipa hatua kwa hatua, kuanzia boma mpaka sahani. Kaunti, barabarani, kichinjioni, kila kitu. Usitaje jina la mtu. Nitayakusanya tuyaweke kwenye jedwali moja tulisome pamoja kabla ya bajeti ijayo, ili msemaji akipanda jukwaani na kusema "nimewalinda", tuwe na karatasi mkononi.